Meno Mawili ya Mzee Yakoub

Mheshimiwa Diwani wetu, uliyekubali kukaa kiti cha mbele ukijua fika kwamba mgongoni kwako kuna ngoma kubwa; mashekhe na wazee wetu wa Makorora, shikamooni nyote; Bwana Khozema, mwenye duka la vyuma na mfadhili wetu wa siku nyingi, pamoja na Bi Rukhsana; ndugu zetu mliotoka Muheza na Pangani, na nyinyi mliovuka maji kutoka Pemba kuja kumwona mtu wenu; mama zangu mlioko jikoni, ambao harufu ya pilau yenu inanivurugia hotuba kabla sijaianza; wapigaji wenzangu; na wewe Mzee Yakoub Abdulwakil, uliyejikunyata kwenye hilo kochi lenye maua kama bwana harusi aliyelazimishwa: assalaam alaykum.

Kwa wageni wasionijua, mimi naitwa Mwanamkasi Zubeiri, napiga tromboni, na ndimi mwenyekiti wa Bendi ya Tarumbeta ya Makorora. Kamati imenipa kazi moja leo, nayo ni kumuaga Mzee Yakoub, mpiga tarumbeta wetu wa kwanza, ambaye ametangaza kwamba hatapuliza tena maishani mwake. Basi nasema mapema, asije mtu akadai nimemdanganya: kazi hiyo siifanyi! Bango limeandikwa kwaheri, keki imeandikwa kwaheri, lakini bango hilo sikulipaka rangi mimi, wala keki hiyo sikuioka mimi. Nimesimama hapa kumbishia mzee huyu mbele ya watu, kwa sababu nyumbani kwake nimembishia nikashindwa.

Anatikisa kichwa, mnamwona? Tikisa, baba, tikisa. Tuna muda, pilau bado haijaiva.

Hapa mezani pana vitu viwili. Kile kisanduku cheusi mnakijua, ndimo inamolala tarumbeta yake, na leo ameileta ili aikabidhi kwa bendi. Na hicho kidude kikubwa kilichofunikwa kanga asikiguse mtu, tutakifikia. Idarusi, nimekuona, toa mkono!

Sasa, kwa nini mtu aliyepuliza tangu ujana wake, aliyewaingiza maharusi wa mji huu kwao na watoto wa maharusi hao kwao, ghafla aseme basi? Wapo wanaodhani ni uzee. Wapo waliosikia ni mapafu. Uongo mtupu! Mapafu ya Mzee Yakoub yanaweza kujaza upepo tairi la lori. Shida ni meno. Meno mawili ya mbele, ya juu. Na meno hayo hayakuondoka kwa uzee wala kwa maradhi, ndugu zangu. Yaliondoka kwa muwa.

Ngojeni kwanza kucheka, hamjasikia yote. Nani hapa kwenye bendi hajawahi kupigwa marufuku na Mzee Yakoub kumenya muwa kwa meno? Rahila, si wewe uliyenyang'anywa pingili nzima, ikatupwa kwa mbuzi? “Meno ya mbele ni mali ya bendi,” alikuwa akituambia, “muwa menyeni kwa kisu!” Basi mwaka jana tumetoka kupiga harusi Muheza, tunasubiri gari, kila mtu ana chungwa lake, tumetulia watu wa heshima. Yeye akaona muwa. Kisu hakuna. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akadhani hatumwoni. Nilisikia mlio, wallahi, nikageuka nikamuuliza mpiga ngoma kama kijiti chake kimevunjika.

Daktari akamwekea meno ya bandia, meupe, mazuri, akicheka utampenda. Lakini tarumbeta ina kipulizio, kile kikombe kidogo cha chuma unachokibandika mdomoni, nacho hukandamiza pale pale kwenye meno ya mbele. Alipojaribu, meno yakacheza, midomo ikavuja, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, hewa. Nilikuwepo. Aliifuta tarumbeta, akailaza kisandukuni, akafunga, akaniambia, “Mwanamkasi, basi.” Na huyu ni mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kusema jambo kwa maneno machache, hata akikuuliza saa ngapi anaanzia mbali.

Na mkewe, Bi Mwatum, yule pale mwenye mtandio wa kijani, akanipa mengine. Nilikwenda kumjulia hali akanivuta jikoni. “Kila asubuhi anaamka, anafungua kisanduku, anaifuta, anabonyeza vile vibonyezo vitatu, anafunga. Hapulizi,” aliniambia. “Miaka yote nimemgombeza anyamaze, majirani wamelala. Sasa, Mwanamkasi, nirudishieni kelele zangu.” Nililia, sifichi. Nikatoka pale nimeapa kwamba mzee huyu hataki kuacha, ila amekosa njia ya kuendelea, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mheshimiwa Diwani, niruhusu nikueleze mtu huyu ni mtu gani, halafu uamue mwenyewe kama anaagika.

Mimi nilikuja kwenye bendi hii nikiwa msichana wa dukani, nauza vitenge kule Ngamiani. Nilitaka tarumbeta. Kwa nini? Kwa sababu tarumbeta inakaa mbele, na mimi mbele napenda, hata leo mnaona nani kashika kipaza sauti. Siku hiyo Bwana Khozema alikuwa amepokea vyombo vya mtumba, vimerundikwa ghalani kwake juu ya magunia ya misumari. Wote tukakimbilia vinavyong'aa. Nikashika tarumbeta moja, dhahabu tupu, nikajiona malkia. Mzee Yakoub akanipokonya. “Hii imesuguliwa ili ifiche,” akasema. Akabonyeza kibonyezo cha kwanza: kikashuka vizuri, kupanda kikapanda kwa kujivuta, kinaomba radhi. Akachomoa kibomba cha pembeni, ambacho kwenye chombo kizima kikitoka hulia po! kama kizibo cha chupa. Hiki kikatoka kimya, maana yake hewa inavuja. Kisha akanusa ndani. Akaniambia ninuse na mimi. Jamani! Panya alikuwa amezalia humo.

Akanipa nyingine, imefubaa, ina bonyeo shingoni, hata kuitazama sikutaka. Vibonyezo vyake vikaruka juu mara tu ulipoviachia. Haya, nikapuliza. Ikatoka sauti ya mbuzi. Nikapuliza tena, mbuzi yule yule. Akanitazama midomo kwa muda mrefu, akaniambia maneno ambayo naomba myashike, kwa sababu nitayarudia kabla sijaketi: “Mwanangu, mdomo wako si wa tarumbeta. Mdomo wako wa tromboni. Usiulaumu mdomo, ubadilishie chombo.”

Nilinuna! Tromboni inakaa safu ya nyuma, nyuma ya tarumbeta zote! Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama nimeonewa na Mpemba. Lakini leo semeni nyinyi, kuna bibi harusi gani mjini hapa aliyetoka chumbani kabla tromboni yangu haijamwita? Mimi nilijitazama nikaona tarumbeta. Yeye alinitazama akaniona mimi. Hiyo ndiyo kazi yake, na wapigaji wote mnaowaona wamekaa hapo, kila mmoja na chombo chake, wamepangwa na macho yake.

Na utunzaji je? Chumvi ya bahari yetu hii inakula shaba. Usipokifuta chombo baada ya kupuliza, kinaota ukijani, na ukijani ukiingia ndani umekwisha. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Ndimu marufuku, jivu marufuku, hata kama bibi yako ndivyo alivyosugua sinia zake. Ukila halua, sukutua kabla hujapuliza, maana sukari unayoipulizia ndani ina wenyewe. Muulizeni Idarusi, ambaye siku ya sherehe za Pangani alivuta pumzi mbele ya umati, akapuliza, wakatangulia kutoka sisimizi! Mambo yote haya tumefundishwa na fundi baiskeli, mtu mwenye mikono ya grisi, ambaye akishika tarumbeta hunawa kwanza.

Lakini nisimfanye malaika, atavimba kichwa. Kuna jambo moja alikuwa mkaidi, tukabembeleza tukachoka: mafuta ya vibonyezo. Bwana Khozema alituletea vichupa vya mafuta yake maalumu. Mzee Yakoub akavitazama kwa dharau. “Mafuta ya nazi yanapikia wali,” akasema, “yanapaka nywele, yanalainisha hata mnyororo wa baiskeli, ati yashindwe na tarumbeta?” Na kwa joto la Tanga, nisiseme uongo, yalifanya kazi. Vibonyezo vilikuwa vinateleza, na bendi nzima ilinukia mkate wa kumimina. Tukaendelea hivyo hivyo mpaka tulipoalikwa Lushoto. Mwezi wa saba.

Naona waliokuwepo Lushoto wameshaanza kucheka.

Bwana harusi alikuwa Uweso, kijana wetu wa hapa hapa Makorora, anaoa kule juu milimani. Asubuhi ukungu umekaa mpaka mlangoni. Uweso amevaa kanzu na joho, wakwe wamejipanga, Mzee Yakoub akainua mkono, tukavuta pumzi, tukabonyeza. Lo! Mafuta yote yameganda, yamegeuka samli! Idarusi alibonyeza kwa nguvu zote, kibonyezo kikashuka kikabaki huko huko. Mkono wa tromboni yangu ukagoma nusu njia, nikabaki nimeunyoosha mbele kama mtu anayesimamisha basi. Rahila akaificha tarumbeta yake kwapani ndani ya baibui, anaipasha moto, anaisomea dua. Mama mmoja Msambaa akatusogelea, akatuuliza kwa upole kabisa, “Samahanini, wanangu. Hivi vyenu ni vya kupuliza au vya kushika?”

Nilitaka ardhi inimeze. Wakwe wametoa simu, wanarekodi. Uweso anatutazama, midomo imemkauka, siku yake ya pekee duniani na bendi ya kwao imegeuka mapambo. Na Mzee Yakoub? Vibonyezo vyake vyote vitatu vimeganda juu, havishuki. Akavitazama. Akasema, “Havibonyezeki? Basi sibonyezi.” Akaiweka mdomoni.

Nyinyi msiopuliza, nawaeleza. Tarumbeta bila vibonyezo ni ngazi iliyong'oka vipago: ina sauti chache tu, ziko mbalimbali, na kila moja uitafute kwa midomo. Kwa sauti hizo chache, na ngoma nyuma yake, mzee huyu alitunga wimbo pale pale, akamtoa Uweso kwenye ukungu, akampandisha kilima, akamfikisha mlangoni kwa mkewe. Vigelegele vilivyopigwa siku ile nadhani mlivisikia mpaka huku. Watu wa Lushoto wakadhani ndio mtindo wetu! Mpaka leo wakituita wanasema, jamani, msisahau ule wimbo wa kurukaruka, na nusu yenu humu mnao kwenye simu. Tuliporudi, Mzee Yakoub alikwenda dukani kwa Bwana Khozema, akachukua vile vichupa, na sisi kwa adabu hatukuuliza.

Sasa nakuuliza, Mzee Yakoub, mbele ya Diwani, mbele ya mkeo, mbele ya watu waliovuka bahari kwa ajili yako. Vibonyezo vitatu viligoma, hukuacha. Meno mawili yamegoma, unaacha? Hesabu gani hiyo?

Ameinama. Vizuri, akiinama huwa anafikiri.

Rahila, funua kanga.

Haya, tazameni! Tazameni besi hiyo! Ndiyo, ni tarumbeta pia, ila imekula ikashiba. Hii ilikuwa ya marehemu Mzee Zainuddin, baba yake Bwana Khozema, aliyekuwa akiipuliza kwenye bendi ya jamaa zao, na alipofariki ikakaa ghalani imepondeka, imeota ukijani, imebebeshwa makopo ya rangi. Nilipokwenda kuiomba, Bwana Khozema aliacha kuhesabu misumari. “Baba aliipenda,” aliniambia kwa sauti ndogo. “Atapewa nani?” Nilipomtajia jina, hakumtuma mtu, aliingia ghalani akaibeba mwenyewe, na shati lake jeupe lote likachafuka. Bwana Khozema, Bi Rukhsana, Mungu awalipe kheri, na mzee wetu amrehemu.

Tumeisafisha sote. Mabonyeo ameyanyoosha Rahila. Na vile vyuma vidogo vya kushikilia mabomba, Mzee Yakoub, unavikumbuka? Unakumbuka Rahila alikuletea vyuma gereji kwako uvilehemu, akakwambia ni vya kitanda cha shangazi yake? Ukavilehemu huku unasema, “Shangazi gani huyu, anapanda kitandani na punda?” Kile ndicho kitanda chenyewe, baba! Umejitengenezea mwenyewe! Na vibonyezo vyake tumevitia mafuta ya kichupa. Mafuta ya nazi yamekaa jikoni na wali, mahali pake.

Mimi si mjinga wa kukuletea chombo usichokiweza. Nilimwendea yule daktari aliyekuwekea meno, nikampelekea vipulizio vyote viwili, cha tarumbeta na cha besi. Cha besi ni kipana kama kikombe cha kahawa, kinakaa kwenye mdomo mzima, hakilali juu ya meno mawili peke yake. Akavigeuza, akaniambia, “Hiki kidogo kitamsumbua. Hiki kikubwa ajaribu, aanze polepole.” Mbona mwenyewe hukulifikiria hilo, wewe uliyenipangia mimi chombo kwa kunitazama tu?

Nakwambia kwa nini, na utanisamehe, mimi ni mwanao. Besi inakaa nyuma. Kule nyuma kabisa, karibu na ngoma. Wewe umezoea mbele, watoto wanakukimbilia, kina mama wanakutunza noti, vigelegele vyote vyako. Unaogopa kwamba ukikaa nyuma hutaonekana. Baba, mimi ulinipeleka nyuma nikiwa msichana mwenye maringo yangu yote, na sikufa! Na leo yupo mtu anayekuhitaji huko nyuma kuliko unavyojua. Rahila ndiye anayepokea tarumbeta yako. Juzi alinijia, akaniambia, “Dada Mwanamkasi, kila nikipotea nilikuwa namfuata yeye. Sasa nikipotea nitamfuata nani?” Nimjibu nini? Nimwambie mwenyewe yuko nyumbani anafuta shaba asiyoipuliza?

Sikiliza basi, na haya si yangu, ulinipa wewe kule ghalani juu ya magunia ya misumari. Mdomo wako si wa tarumbeta tena. Mdomo wako wa besi. Usiulaumu mdomo, ubadilishie chombo.

Bi Mwatum, msukume kidogo. Haya!

Ameinuka! Jamani, ameinuka! Tulieni, tulieni, msimzonge. Anakwenda mezani. Anafungua kisanduku chake... anampa Rahila. Pokea kwa mikono miwili, mwanangu, wala usilie, ukilia midomo itakulegea. Sasa anaizunguka besi. Anabonyeza cha kwanza. Cha pili. Anachomoa kibomba... mmesikia? Po! Sasa ananusa. Ananusa ndani, mnamwona? Zawadi ya mwenyekiti, mbele ya Diwani, na bado ananusa! Hakuna panya, baba, wallahi hakuna.

Anakaa. Bwana Khozema, usimsaidie, ataipakata mwenyewe.

Mheshimiwa Diwani, nilikuwa na shukrani ndefu kwako, kwa mashekhe, kwa wapishi na kwa kila aliyechangia shughuli hii. Zote nazitoa kwa mkupuo, mzipokee. Keki tutaikata, na hilo neno kwaheri tutalitafuna hadi lisibaki hata herufi. Yakoub wa Pemba, Yakoub wetu wa Makorora, kiti chako kipo nyuma yangu, na mgongo wangu unakisubiri.

Anavuta pumzi. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Nyamazeni sasa, tumsikilize yeye.